Lualaba usikilizwe kwanza, kisha uchezwe

Katika masimulizi ya Walunda, ugomvi uliozaa dola yao ulianzia kwenye chungu cha maji. Mzee Nkonde, mkuu wa bonde la mto Nkalany, alikuwa ameketi akisuka mkeka. Kando yake palikuwa na chungu alimoloweka nyuzi, na maji yake yalikuwa yamegeuka meupe. Wanawe wawili, Chinguli na Chinyama, wakarudi nyumbani wamekwisha kulewa, wakauona weupe ule na kudai kwamba baba anawanyima pombe ya mchikichi. Alipowaambia ni maji tu, hawakumsadiki, wakampiga. Aliyemuuguza ni binti yake, Ruwej, na ndiye aliyeachiwa rukan, bangili ya enzi. Baadaye akatokea Chibind Yirung, mwindaji wa Kiluba, wakaoana, na utawala ukashika njia iliyoufikisha kwa ukoo wa Mwant Yav, ambao makao yake hadi leo yanaitwa Musumba.

Wazee hukitumia kisa hiki kueleza urithi wa kiti. Lakini msikilizaji wa leo, hasa akiwa mkazi wa jimbo la Lualaba, husikia jambo jingine ndani yake. Wale vijana waliyahukumu maji kwa jicho, na jicho likawadanganya.

Kolwezi ya sasa, mji wa migodi wa jimbo hilo, inaishi kosa hilohilo kwa upande wa pili. Maji yaliyoingiwa na tindikali mara nyingi huwa maangavu, kwa sababu mwani na viumbe vidogo vinavyoyatia rangi vimekwisha kufa. Anayeinama kuchota haoni kobalti wala shaba iliyoyeyuka. Anaona maji safi kuliko ya kijito cha matope kilicho hai. Macho peke yake hayatoshi kuujua mto wa nchi ya madini. Namba za maabara zinahitajika, ndiyo, na kwa bidii zaidi kuliko sasa. Ila namba hukaa kwenye faili, na wanaoishi kandokando ya mto ni wachache mno waliowahi kuoneshwa faili hizo. Ndiyo maana wazo la kuunganisha sanaa ya sauti na dansi ili kuichunguza mito linastahili kuchukuliwa kwa uzito Lualaba kuliko mahali pengine popote katika Kongo.

Hali yenyewe inajulikana. Kongo inatoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote ya dunia, na sehemu kubwa yake hutoka katika udongo wa Lualaba na Haut-Katanga. Kolwezi, mji ulioanzishwa mwaka 1937 katika enzi za kampuni ya madini ya Union Minière, umezungukwa na mashimo, vilima vya mabaki na mabwawa ya tope. Machi 2024 shirika la RAID la Uingereza na AFREWATCH la Kongo yalitoa ripoti iliyojengwa juu ya mahojiano na watu 144 katika vijiji na miji 25 inayozunguka migodi mitano mikubwa. Watu walizungumzia magonjwa ya ngozi, matatizo ya uzazi, samaki waliotoweka na mashamba yaliyokataa kuzaa. Ng'ambo ya mpaka, tarehe 18 Februari 2025, bwawa la mabaki ya shaba lilipasuka Chambishi, Zambia, na takriban lita milioni 50 za maji yenye tindikali zikateremka katika kijito kinachoingia mto Kafue. Mji wa Kitwe ulilazimika kufunga mabomba yake.

Katika habari hizo zote, mto hutajwa kama mfereji: kitu kinachobeba. Ni nadra kusimuliwa kama makazi yenye wenyeji wake, wenye sauti zao na saa zao za kuzungumza.

Na kweli wanazungumza. Sauti husafiri majini kwa kasi ya karibu mita 1,480 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, kwa hiyo viumbe wengi wa mtoni wameifanya sauti kuwa taa yao. Ukiteremsha haidrofoni, yaani kipaza sauti kilichofungwa kisiingie maji, katika dimbwi lenye majani, jambo la kwanza linalokushtua ni kelele. Wadudu wadogo wa jamii ya kunguni wa majini hulia kama nyenje. Mmoja wao wa Ulaya, Micronecta scholtzi, ana urefu wa milimita mbili hivi, na mwaka 2011 watafiti walimpima akitoa sauti ya desibeli 99.2, ingawa sehemu kubwa ya sauti hiyo hupotea inapotoka majini kwenda hewani. Mimea nayo hutoa viputo vya oksijeni jua linapowaka, vikisikika kama vidole vinavyogonga meza. Chini zaidi kuna mchanga na changarawe zinazosukumwa na mkondo.

Wavuvi hawahitaji mashine kulijua hili. Samaki wa jamii ya ngogo, yule mwenye miiba mitatu na ndevu, akitolewa wavuni hulia mkononi. Sauti hiyo anaitengeneza kwa kusugua shina la mwiba wa pezi lake ndani ya tundu la mfupa wa bega. Mvuvi mzoefu huusikia mlio huo kabla hajamwona samaki mwenyewe, na kwa sauti hiyo hujua avute vidole vyake upesi.

Wako pia samaki wenye mdomo kama mkonga, ambao wavuvi wa Ziwa Viktoria huwaita domodomo. Hao hutoa mipigo midogo ya umeme ili kutambua njia gizani na kutambuana wao kwa wao. Nyaya mbili zikitumbukizwa majini na kuunganishwa na kikuza sauti kidogo, mipigo ile hugeuka mlio wa kukatika-katika unaosikika na sikio la binadamu. Lualaba ya juu ni nchi yao. Mwaka 2020 watafiti kutoka Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walieleza aina mpya kabisa, Cyphomyrus lufirae, iliyopatikana katika mto Lufira, mto ambao nao unapita kwenye ukanda wa shaba. Samaki amepewa jina lake la kisayansi katika zama ambazo makazi yake yamekwisha kuingia hatarini. Mlio wake ungepaswa kuwekwa kwenye kumbukumbu ya jimbo kama vile majina ya machifu yanavyowekwa.

Kusikiliza mito kwa namna hii si jambo geni duniani. Annea Lockwood, mtunzi mzaliwa wa New Zealand anayeishi Marekani, alitengeneza ramani ya sauti ya mto Hudson mwaka 1982, akiufuata kutoka chemchemi zake milimani hadi baharini, kisha akaufanyia Danube vivyo hivyo. Nchini Australia, Leah Barclay alianzisha mwaka 2014 kazi ya River Listening akishirikiana na wanasayansi wa mito wa Chuo Kikuu cha Griffith: haidrofoni zilezile zinampa msanii malighafi na zinampa mwanabiolojia dalili za uhai bila kumvua samaki hata mmoja. Kuhusu mto Nile, Mina Girgis wa Misri na Meklit Hadero, mzaliwa wa Ethiopia, walianzisha Nile Project mwaka 2011, wakawakusanya wanamuziki wa nchi za bonde la Nile watunge pamoja juu ya mto mmoja wanaougombania. Albamu yao mojawapo inaitwa Jinja, jina la mji wa Uganda ambao mwaka 2012 uliona bwawa la Bujagali likianza kazi baada ya maporomoko maarufu ya jina hilo kuzamishwa. Joseph Kamaru, mzaliwa wa Nairobi ajulikanaye kama KMRU, amejijengea jina la kimataifa kwa kurekodi sauti za mazingira na kuzifanya muziki.

Mifano hiyo inathibitisha kwamba sikio linaweza kufanya kazi ya utafiti. Hata hivyo, mtu mwenye vifaa masikioni husikia peke yake, na akivivua, habari inaishia kwake. Hapo ndipo dansi inapohitajika. Mwili unaocheza mbele ya watu huifanya sauti ionekane na wengi kwa wakati mmoja, na waliotazama huweza kuirudia nyumbani kwa mabega na miguu yao wenyewe.

Kiswahili kilikwisha kulijua hili zamani. Neno ngoma ni chombo kinachopigwa, ni wimbo unaoimbwa, ni mchezo unaochezwa, ni shughuli nzima yenye watu wake. Hakuna Mswahili anayeuliza ngoma inaishia wapi na dansi inaanzia wapi. Beni, ngoma iliyoanzia pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ilisafiri na askari na wafanyakazi hadi kwenye migodi ya Katanga, jimbo la zamani lililojumuisha Lualaba, na ya Zambia, ikibeba habari za mji kwa miguu. Karindula ya Katanga, banjo kubwa ajabu iliyoundwa kwa pipa la mafuta na ngozi ya mbuzi, ni ushahidi kwamba watu wa shaba wamezoea kuyafanya mabaki ya viwanda yaimbe. Walunda na jirani zao Wachokwe wana cinguvu, ngoma ya gogo lililochongwa uwazi, isiyo na ngozi, yenye uwezo wa kupeleka ujumbe mbali. Hata hadithi ya Ruwej ilikwisha kuwaziwa kama dansi: katika riwaya ya Lueji ya mwandishi wa Angola, Pepetela, msichana mcheza baleti wa Luanda anaandaa onyesho juu ya malkia huyo wa Lunda.

Katanga yenyewe ina kazi za sanaa zilizokwisha kuifungua njia. Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, alitengeneza katika miaka ya 2006 na 2007 filamu fupi iitwayo Mémoire. Ndani yake mcheza dansi anajipinda na kujinyoosha katika karakana zilizokufa za Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, huku zikisikika hotuba za zamani za viongozi waliowaahidi Wakongo neema. Ahadi zinapaa hewani, mwili unasota kwenye kutu. Mtazamaji hahitaji jedwali la uzalishaji ili aelewe kilichotokea kati ya hotuba na karakana. Miaka kumi baadaye Baloji aliwaweka pamoja wanakwaya watoto wa Msalaba wa Shaba, kwaya iliyoanzishwa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya sasa, mwaka 1937, na picha za kiwanda cha nyaya za shaba. Dorine Mokha, mbunifu wa dansi wa Lubumbashi aliyefariki Januari 2021 akiwa bado kijana, aliungana na Elia Rediger wa Uswisi kutunga Hercules of Lubumbashi, oratorio ya migodi. Na mwaka 2022 tamasha la sanaa la Biennale de Lubumbashi, linaloandaliwa na kikundi cha Picha, lilichagua sumu kuwa mada yake.

Mcheza dansi wa filamu ya Mémoire ni Faustin Linyekula, na njia yake ina funzo kwa Lualaba. Kituo chake, Studios Kabako, kipo Kisangani, mahali ambapo Lualaba, baada ya safari ya takriban kilomita 1,800 kutoka chemchemi zake karibu na mpaka wa Zambia, hupita maporomoko ya Boyoma na kubadilisha jina kuwa Kongo. Linyekula hakuishia jukwaani. Katika wilaya ya Lubunga, ukingo wa kusini wa mto, kituo chake kilifanya kazi na wakazi juu ya maji safi na mazingira, na mwaka 2014 kikapewa tuzo ya Curry Stone kwa juhudi hizo. Msanii aliyecheza kwenye vumbi la viwanda vya juu ya mto anaishi penye mwisho wa jina la mto huohuo. Hakuna hoja nzuri kuliko hiyo ya kuonyesha kwamba Kolwezi na Kisangani ni jirani.

Sanaa ya Katanga, basi, imekwisha kuuimba mgodi na kuicheza karakana. Zamu ya mto imefika, na pa kuanzia ni Musumba.

Kwa nini Musumba, iliyo umbali wa kama kilomita 400 kwa mstari ulionyooka kutoka Kolwezi? Kwa sababu mito yake haipiti kwenye shaba. Bonde la Nkalany na Lulua huteremsha maji yake kaskazini hadi Kasai, mbali na mashimo na viwanda vya tindikali. Ukitaka kujua mto mgonjwa umepoteza nini, lazima kwanza usikilize mto ambao haujapigwa pigo hilo. Bila shaka mito miwili haifanani kwa kila kitu, na wanasayansi wataweka tahadhari zao. Lakini sikio la mwananchi linahitaji kipimo cha kulinganisha, na kipimo hicho kiko ndani ya jimbo lenyewe, chini ya uangalizi wa kiti cha kifalme kinachoheshimiwa hadi Angola na Zambia.

Kazi yenyewe inaweza kupangwa hivi. Zichaguliwe sehemu tatu: Nkalany karibu na Musumba, ziwa Nzilo, ambalo ni Lualaba iliyozuiwa na bwawa la umeme lililojengwa miaka ya 1950, na mto Luilu kando ya Kolwezi. Kila sehemu irekodiwe alfajiri, adhuhuri na magharibi, mara moja wakati wa kiangazi na mara moja mvua zikikolea. Saa ileile, mahali palepale, wanafunzi wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Kolwezi wapime tindikali na madini majini. Wavuvi na akina mama wanaofua ukingoni walipwe kama walimu, kwa sababu ndio wanaojua sauti ipi ni ya nani na ipi ilinyamaza mwaka gani.

Kisha wacheza dansi waingie. Asichukue mtu samaki na kumwigiza. Maigizo ya namna hiyo huchekesha na kusahaulika. Kila mcheza dansi akabidhiwe sauti moja ya Nkalany: huyu mdudu anayelia kwa mapigo sawa, yule mlio wa ngogo, mwingine mipigo ya umeme ya domodomo isiyotabirika, mwingine kishindo cha changarawe. Wakichezea sauti za Nkalany, uwanja utajaa. Rekodi itakapohamia mto mwingine, yule ambaye sauti yake haipo asimame pale alipo, mikono chini, hadi mwisho. Hakuna atakayehitaji kuelezwa. Hata mtoto ataweza kuhesabu waliosimama.

Wapo watakaosema watu wa Luilu wanahitaji maji safi, si ngoma. Wana haki ya kuuliza, na jibu linapaswa kuwa la wazi. Sauti haiwezi kuonyesha kiasi cha kobalti majini. Maabara ndiyo inayoweza. Ukimya wa mto unaweza kuletwa na sababu nyingi: bwawa, uvuvi wa neti za macho madogo, ukame, kelele za pampu. Kwa hiyo rekodi haichukui nafasi ya kipimo, wala onyesho halichukui nafasi ya fidia au kisima. Kinachokosekana Lualaba si vipimo pekee. Kinachokosekana ni namna ya wananchi kushika ushahidi wao wenyewe, katika lugha yao, bila kungoja ripoti iandikwe Kifaransa au Kiingereza na isomwe Kinshasa au London. Kijiji kinachoweza kusema, mbele ya kampuni na serikali, kwamba tarehe fulani kulikuwa na sauti sita hapa na leo ziko mbili, kimepata hoja inayolazimisha kipimo kifanyike.

Ipo hatari nyingine, nayo ni kubwa zaidi. Kampuni inaweza kulipia tamasha zuri la mto, ikapiga picha, ikazitundika kwenye taarifa yake ya mwaka, na tindikali ikaendelea kutiririka. Dhidi ya hilo yawekwe masharti matatu tangu siku ya kwanza. Rekodi zote zihifadhiwe wazi, zikiwa na tarehe na mahali, na zisimilikiwe na kampuni yoyote. Matokeo ya vipimo vya maji yasomwe hadharani kila onyesho, kwa Kiswahili na kwa lugha ya wenyeji. Na ngoma za heshima za Musumba zisiguswe bila ridhaa ya wenyewe, maana zipo zinazopigwa kwa ajili ya mfalme na misiba, wala si mapambo ya jukwaa.

Fedha zipo kisheria. Kanuni ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka kampuni zinazochimba zitenge asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo kwa maendeleo ya jamii zinazozizunguka, na asilimia 15 ya mrabaha wa madini iende moja kwa moja kwa mamlaka za chini kabisa, yaani miji, wilaya na machifu. Shule, zahanati na visima vitangulie; hilo halina mjadala. Lakini haidrofoni chache, vinasa sauti, nauli ya wacheza dansi na posho ya wavuvi ni gharama ndogo kuliko lango moja la zege lenye jina la mheshimiwa.

Hugh Tracey, mrekodi wa muziki wa Kiafrika, alipopita Katanga mwaka 1952, alimrekodi katika mji wa Jadotville, ambao sasa ni Likasi, kijana mpiga gita aliyeimba Kiswahili, Mwenda Jean Bosco, mtu wa Bunkeya. Kwa kanda zile, leo tunajua vidole vyake vilitembeaje juu ya nyuzi. Mito ya Katanga ya mwaka ule haikuachiwa kumbukumbu ya namna hiyo. Mwaka huu, kabla mvua za Novemba hazijajaza Nkalany, bado inawezekana kuteremsha waya mmoja majini jua likizama, mzee mvuvi akikaa kando ya kijana mwenye kinasa sauti, na kumwandikia kwenye daftari jina la kila anayelia.